Pua Huziba Kwanza

Jumanne, 5 Agosti 2025

Nimechukua daftari la sayansi la binti yangu Joyline, kurasa za nyuma ambazo hakumaliza. Shule imefungwa, hatalitafuta. Sina la kuandika. Lakini nikikaa mikono mitupu watu wanakuja kuniuliza kama niko sawa. Nikiinamia daftari wananiacha.

Mama alifariki Jumapili, wodini, Homa Bay, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji wake. Alikuwa amekataa kuunywa. Nesi akaja, akamtazama, akavuta pazia. Mimi nikaunywa ule uji mpaka ukaisha. Ndivyo ilivyokuwa, na sitamwambia mtu.

Jana nilirudi Suna, hapa Migori. Leo niko kazini, kinuni. Mahindi mapya yameanza kuingia, foleni ya madebe imefika barabarani. Ruqia, mwenye kinu, alisema nikae nyumbani. Nikamuuliza nyumbani kuna nini. Kuna watoto wawili na TV. Maroa mume wangu yuko Isebania na spea zake mpaka wikendi.

Pua imeziba. Pande zote mbili.


Jumatano, 6 Agosti

Si mafua. Hakuna chafya, hakuna kamasi. Ni uzito tu. Nikiinama kufunga gunia uso wote unataka kudondoka mbele. Meno ya juu yanauma, yote, hata yale mazima. Nikijigusa mashavu ni kama nagusa mashavu ya mtu mwingine ambaye hatujuani. Nikisema Mama inatoka Baba. Joyline alicheka, halafu akakumbuka, akaziba mdomo. Maskini.

Shangazi Benta amepiga simu kutoka kisiwa cha Rusinga. Ni dada yake marehemu Baba, na sasa ndiye amiri jeshi wa matanga. Mazishi Jumamosi ya tarehe 16. Mwili utatoka mochari Homa Bay Ijumaa, na tutavuka daraja la Mbita saa nane mchana. Nikasema sawa, waya, ndivyo tunavyomwita shangazi. Nikadhani tumemaliza.

Hatukumaliza! Wanawake wa Mama wamekaa kikao.

Niandike jambo hili vizuri maana mwenyewe bado sijalimeza. Mama alikuwa mwombolezaji. Si kazi ya kulipwa, hapana. Lakini pale kisiwani matanga bila yeye yalihesabiwa kama chakula bila chumvi. Alikuwa na wenzake watano. Yeye anaanza, mara moja, sauti moja ndefu tangu barabarani kabla ya geti. Wao wanajibu. Kisha wananyamaza, wanamngoja aite mara ya pili. Akiita mara ya pili anamtaja marehemu, na mama yake, na ng'ombe wake, na ile siku alipoanguka na baiskeli. Hata waliokuwa wakimchukia marehemu wanashika vichwa.

Sasa hao watano wamesema, kwa Mama hakuna wa kuanza isipokuwa binti yake wa kwanza. Watakuja kutungoja darajani. Mpaka nianze mimi, wao kimya. Wataingia kimya, watazika kimya!

Benta anasema hiyo ni heshima kubwa. Anasema pia, taratibu, kwamba binti wa kwanza akivuka daraja macho makavu watu wataongea, na mimi najua wataongea nini. Najua. Watasema alikuwa na mkono wake katika kile kifo.

Sijawahi kulia kwenye matanga yoyote. Hata ya Baba. Kisiwa kizima kinajua hilo.


Alhamisi, 7 Agosti

Saa saba Ruqia alizima mashine mwenyewe. Watu wakaguna kwenye foleni. Akaniita nyuma, kwenye magunia.

"Emma, wewe unapumua na mdomo kama samaki. Nawa hiyo unga. Keti."

Ruqia ni wa Garissa, na kwao kila ugonjwa mama yake alikuwa na dawa yake. Akanawa mikono yake pia. Akaweka vidole viwili kila upande wa pua yangu, pale tundu linapokutana na shavu. Akazungusha. Pole pole, mizunguko midogo, akihesabu hadi thelathini. Halafu juu kidogo, kwenye mfupa chini ya jicho, si kwenye jicho lenyewe. Halafu pale nyusi zinapoanzia karibu na pua. Uwi! Hapo paliuma kama jipu. Akasema hapo ndipo penyewe. Mwisho unapangusa paji kwenda pembeni, unashuka mbele ya masikio, unateremka shingoni, ili kilichofunguka kipate njia ya kushuka.

Nifanye mara tatu kwa siku, baada ya kujifukiza maji ya moto. Na nifunge kitambaa puani nikiwa kazini, jambo ambalo amenisihi miaka miwili. Alinionyesha tena na vidole vyangu mwenyewe. Nilikuwa nakandamiza. "Si chapati hiyo," akasema. "Ni uso."

Pua haikufunguka. Lakini machozi yalitoka! Mengi. Yakashuka mpaka kidevuni yakatengeneza uji na unga uliobaki.

Ruqia akanishika bega. Lia tu dada, akasema, lia, ni rehema. Nikamwambia silii, ni maji tu, ni kama kufungua bomba. Akanitazama kana kwamba nimemtukana mtu.

Lakini mimi nikapata wazo. Nikifika darajani naweza kujikanda hapo nyusini nikateremka na uso umelowa. Nani atajua? Imebaki sauti.


Jumamosi, 9 Agosti

Mimi nikiambiwa mara tatu nafanya mara kumi. Sasa nina alama mbili za bluu, moja kila upande wa pua. Vidole gumba vyangu ni vya kubeba magunia.

Asubuhi bibi mmoja aliyeleta wimbi kusaga alinitazama sana. Akauliza kwa sauti ya chini mzee wangu yuko wapi. Nikasema anakuja leo kutoka Isebania. Akatikisa kichwa. Mpaka saa nne foleni yote ilikuwa inajua kwamba Maroa amenipiga nikiwa nimefiwa.

Maroa akashuka kwenye matatu na mandazi yake kwenye mfuko, anatabasamu, anasalimia. Hakuna aliyejibu! Mama wa wimbi akatema mate kando. Maroa akanifuata ndani akiuliza kuna nini. Nikamweleza. Akasema, mimi hata panya sijawahi kumpiga. Ni kweli, panya namuua mimi.

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Leo niliona tu kwamba ni jambo la kuchekesha.

Jioni alinichemshia maji ya kujifukiza. Akashikilia sufuria mwenyewe ili lisiniangukie, muda wote, blanketi likiwa juu ya vichwa vyetu sote wawili. Akauliza umelia? Nikasema bado. Alikuwa anatokwa jasho kama mchoma makaa, na hakuondoka.


Jumapili, 10 Agosti

Dorine amepiga simu. Mdogo wetu wa mwisho, anakaa Homa Bay, ndiye aliyekuwa akimpelekea Mama chakula wodini. Analia kila anapoanza sentensi. Namsikiliza. Naweka simu kwenye spika nachambua maharagwe.

Mtoto wake Cliff, wa miezi mitatu, amezibwa pua pia. Ananyonya kidogo anaachia, ananyonya anaachia. Kliniki wamempa matone ya maji ya chumvi. Dorine anasema Mama angekuwepo angejua la kufanya. Halafu akalia tena.

Naam, angejua. Mama hakuwa na matone. Alikuwa anamweka mtoto mapajani, anamsugua pembeni mwa pua kwa vidole vyake vidogo, halafu anaweka mdomo wake juu ya pua ya mtoto anavuta. Mara moja. Anatema kando. Mtoto anapiga ukelele, halafu ananyonya mpaka analala. Amewafanyia wajukuu wote. Wangu wawili pia. Mimi nilikuwa nageuza uso. Niliona kinyaa, na ni kamasi za mtoto wangu mwenyewe!


Jumatatu, 11 Agosti

Nimekumbuka kitu leo na nimekaa nacho mchana kutwa kama mfupa kooni.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tulikuwa tunaenda matanga ya mwalimu mmoja upande wa Wanyama, huko huko kisiwani, mimi nimebeba kapu la Mama. Kabla ya geti, kwenye barabara, alisimama. Akapenga pua, upande mmoja, upande wa pili. Halafu akaweka vidole hapa, pembeni mwa pua. Akazungusha. Akapanda mpaka kwenye nyusi. Akakandamiza. Macho yakajaa maji. Akaweka mkono kichwani akaanza.

Vidole vile vile! Mahali pale pale. Ruqia wa Garissa ananifundisha kitu ambacho nilikiona Rusinga nikiwa msichana, na sikukitambua kwa sababu nilichokiona mimi wakati ule kilikuwa udanganyifu.

Maana jioni ile nilimwambia. Mbele ya wenzake wale watano. Nilisema, wewe Mama machozi yako ni ya kukamua, kama ng'ombe. Nilikuwa na hasira, sijui ya nini. Miaka kumi na sita haihitaji sababu.

Wenzake wakashika midomo. Mama hakunipiga. Alikuwa anavua kitambaa kiunoni. Akasema, "Ngoja ufiwe. Utajua. Pua huziba kwanza."

Ni hilo tu. Hakulirudia tena maisha yake yote. Wala mimi sikuomba msamaha. Baadaye nikaolewa, nikaja Migori, nikawa namtumia sukari na unga mzuri. Nilidhani sukari inatosha.

Sasa nitafanya vile vile alivyofanya, mbele ya wale wale wanawake watano. Wanakumbuka. Wazee husahau walikoweka miwani, lakini hilo wanalikumbuka.

Sikujikanda leo.


Jumanne, 12 Agosti

Aibu. Nitaandika kwa kifupi.

Mashine ikinguruma huwezi kusikia hata jina lako. Kwa hiyo nikaona hapo ndipo pa kufanyia mazoezi. Nimefunga kitambaa usoni, nani ataona mdomo? Nikajaribu ile sauti ya kwanza, ndefu. Nilikuwa nasikia mtetemo tu kooni. Nikajaribu tena, kwa nguvu zaidi.

Stima ikapotea.

Mashine ikafa, na mimi katikati ya ukelele. Sauti yenyewe! Mbuzi aliyekanyagwa ana heshima zaidi. Foleni nzima ikanigeukia. Akina mama wakatupa madebe wakaja mbio, mos, mos, pole, pole, wakidhani nimepigiwa simu ya msiba wa pili. Mmoja akanivua kitambaa nipate hewa. Nikawaacha wanishike. Ningesema nini? Macho yalikuwa makavu kama mahindi yao.


Jumatano, 13 Agosti

Nilianza tena kujikanda asubuhi. Kwa upole. Ruqia alisimamia mwenyewe. Mchana tena, baada ya maji ya moto. Saa kumi nikiwa chumbani nafunga nguo za safari nikajikanda mara ya tatu, nimeketi kitandani, kiwiko juu ya goti. Nilipofika kwenye nyusi nikasikia kitu kikisema tik, ndani kabisa, nyuma ya jicho la kulia. Hewa ikapita.

Baridi! Tamu. Nilikuwa nimesahau.

Halafu harufu zikaja, moja moja. Unga kwenye nywele zangu. Viatu vya Maroa. Mafuta ya taa, sijui ya wapi. Halafu kitu kutoka chini ya kitanda.

Ni ule mkoba wa Mama wa hospitali. Niliusukuma pale Jumatatu ile niliporudi, na sijaufungua. Haukuhitaji kufunguliwa. Harufu ilipita kwenye zipu. Leso yake, moshi wa samaki, na yale mafuta ya kukamulia ng'ombe ambayo alijipaka usoni miaka yote akisema kama yanafaa matiti ya ng'ombe mimi ni nani.

Kitu kikapanda kifuani. Haraka, kama maziwa kwenye sufuria ukigeuza kichwa. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: niliogopa kama sijawahi kuogopa. Nikaubeba mkoba mbiombio mpaka jikoni nje, nikauweka pembeni, nikaufunika gunia, na gunia lingine juu yake. Nikakaa juu yake.

Mpaka natulia, pua ilikuwa imeziba tena. Sikuinua mkono. Niliiacha izibe. Nilishukuru.

Sasa najua kitu ambacho sikukijua jana. Si kwamba hakuna kitu. Kipo. Mimi ndiye nimekaa mlangoni.


Alhamisi, 14 Agosti

Homa Bay, kwa Dorine. Maroa atakuja kesho kutwa na watoto, moja kwa moja Rusinga. Mkoba nimeuleta, nimempa Dorine bila kuufungua. Ameufungua yeye. Akatoa leso akamfunga nayo Cliff.

Ruqia ametuma ujumbe wa sauti. Anauliza nimejikanda? Nikamjibu mara tatu. Uongo mtupu. Sijagusa uso tangu jana saa kumi.

Tulienda mochari kumvisha Mama. Mhudumu alitupatia barakoa kwa sababu ya dawa. Dorine alifika mlangoni akatapika. Mimi sikusikia harufu yoyote. Nikaingia peke yangu na yule mhudumu, mwanamume mpole, anaitwa Mniko. Nikamvisha Mama gauni la zambarau. Nikamfunga kitambaa kichwani kama alivyopenda, fundo kushoto. Mniko akasema mama una moyo.

Alipogeuka kutafuta soksi nikafanya kitu. Niliweka vidole pembeni mwa pua ya Mama. Nikazungusha. Ngozi haikusogea. Nikapanda kwenye mfupa, nikapanda kwenye nyusi, nikahesabu mpaka thelathini. Nikapangusa paji, nikashuka shingoni. Sijui kwa nini. Uso wake na wangu zilikuwa sawa, hakuna aliyesikia kitu.

Mniko alirudi na soksi. Aliona. Akasimama akasubiri mpaka nikamaliza.


Ijumaa, 15 Agosti

Tumesimama. Saa nane na dakika kumi. Gari la mochari liko mbele, sisi nyuma yake kwenye nisani ya kukodi, upande huu wa daraja la Mbita. Ziwa limetulia. Naandika kwa sababu mikono lazima ishike kitu.

Wako kule ng'ambo. Watano. Nawaona wazi. Wamefunga vitambaa viunoni. Hawasemezani. Nyuma yao kuna watu, wengi kuliko nilivyodhani, na pikipiki zimezimwa. Sijawahi kuona Mbita kimya hivi.

Benta amekuja dirishani. Amevuka kwa miguu, anahema.

"Nyathina, mwanangu, wamengoja tangu saa sita. Shuka sasa."

Nikamwambia dakika mbili, waya. Akaangalia uso wangu. Akasema dakika mbili, usinizidishie, na watu wa kule wanachomwa na jua kichwani. Amekaa hapo kando ya gari, mgongo kwangu, kama askari.

Nimejikanda. Pembeni ya pua, thelathini. Mfupa, thelathini. Nyusi. Maji yametoka, bomba halijanikosea. Nikajitazama kwenye kioo cha dereva. Nikaona mwanamke aliyetoka kukata vitunguu. Nikawaona akilini wale watano wakimtazama. Machozi ya kukamua! Nikayapangusa yote na kiganja. Pua yenyewe bado imefungwa kama imepigwa simiti. Nimekaa mlangoni siku nyingi mno, sasa hata mimi siwezi kuufungua.

Sitaweza. Nimemwambia Dorine kwa sauti ya kawaida, sitaweza, waambie watuache tuvuke hivyo hivyo. Dorine hakunisikia. Anahangaika na mtoto. Cliff amekuwa mwekundu, anakoroma, ananyonya anaachia, na matone ameyasahau nyumbani. Anasema atakosa pumzi, Emma, atakosa pumzi! Dereva anasema tumpepee.

Nipe, nikasema.

—

Naandika upesi. Dorine ananitazama, anadhani nimechanganyikiwa.

Nilimlaza mapajani. Nikamsugua pembeni mwa pua, vidole vidogo, pole pole kama Ruqia, si chapati, ni uso. Nikahisi kitu kikilegea chini ya kidole. Nikainama. Nikaweka mdomo. Nikavuta mara moja.

Cliff akapiga ukelele. Mmoja. Mrefu! Sijui ulitoka wapi kwenye kifua cha ukubwa ule. Dirisha lilikuwa wazi. Ukaenda juu ya maji mpaka ng'ambo.

Kisha wakajibu. Wote watano, kwa pamoja, na watu nyuma yao. Mikono vichwani. Wanavuka daraja wanakuja.

Benta amegeuka dirishani, uso umelowa, ananitikisia kichwa. Ndiyo hiyo, anasema, ndiyo hiyo, sauti ya mama yako mwenyewe. Dorine anafungua mdomo kumwambia. Nimemshika mkono. Nikauachilia. Amwambie tu. Hakusema.

Cliff ananyonya. Ametulia kabisa, pua wazi, anasikika akivuta hewa.

Bado sijatema. Kinywani mna chumvi.

Wamefika. Wamezunguka gari la Mama, na sasa wamenyamaza, maana ndivyo inavyokwenda. Mmoja anaanza, wao wanajibu, halafu wanangoja aite mara ya pili. Wananitazama mimi. Yule mrefu aliyeshika mdomo siku ile ameshika mlango wa gari, anaufungua. Upande wa kulia wa pua umeanza kupitisha hewa. Cliff yuko begani kwangu na leso ya Mama, harufu yake inanijia, kitu kinapanda kifuani na